Sindano isiyo na tundu

Jumapili. Stima imepotea tangu saa nane mchana, cherehani ya mota imelala, na mimi nimepata nafasi ya kuandika. Nashika kalamu kwa mkono wa kulia. Februari nilikuwa siwezi hata kuinua chupa ya chai.

Chanzo ni sare. Oda za Januari mimi huanza kuzikata Novemba, na mwaka jana nilikubali shule tatu kwa mpigo. Tamaa tu. Kaki naikunja safu nane, naweka patani juu, nachora kwa chaki, halafu nakata kwa mkasi mzito alioniachia marehemu baba. Nikimaliza, pasi ya makaa, maana hapa kwetu Bondeni stima huwezi kuitegemea. Pasi ile ikijaa makaa huinui, unainyanyua, kiganja kikitazama chini, mara mia kwa siku.

Kufikia wiki ya pili ya Januari kifupa cha nje cha kiwiko kilikuwa kinapwita kama jino bovu. Kusonga ugali kukawa kazi ya kijana wangu. Kanisani, tukiambiwa tutakiane amani, najifanya natafuta kitabu cha nyimbo mkobani ili nisishikwe mkono.

Vidonge vya duka la dawa vilinipa usingizi tu. Hospitalini nilipigwa picha, mfupa ukaonekana mzima. Daktari, kijana mdogo, alininyosha mkono, kiganja chini, akasema, "Mama, inua kidole cha kati," huku yeye akikibonyeza. Niliruka kitini. "Hiki ni kiwiko cha tenisi."

Nilicheka hadi muuguzi akachungulia. Tenisi mimi naiona kwa televisheni, tena nikiwa natafuta taarifa ya habari. Akanieleza kwamba jina hilo lilianzia Uingereza miaka ya 1880, lakini wagonjwa wengi hawajawahi kugusa raketi. Ni mafundi wa rangi, wachinjaji, wapishi, watu wa kufumbata na kuzungusha mkono kutwa nzima. Misuli inayoinua kiganja imejishikiza kwenye kifupa kile kwa kano nyembamba. Kila unapofumbata kitu, misuli hiyo hukaza ili mkono usikunjike, na kano huvutwa. Ikivutwa kuliko inavyowahi kujirekebisha, nyuzi zake huchakaa. Hapo kwenye nyuzi ndipo nilipomwelewa kabisa. Nimeona suruali ngapi zikifumuka pembeni mwa mshono, uzi wenyewe mzima na kitambaa kimechoka?

Alikuwa na sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Akaniambia bila kuficha kwamba inatuliza haraka, wiki chache, lakini utafiti umeonyesha kwamba baada ya mwaka waliodungwa huwa na hali mbaya kuliko wasiodungwa. Nikamshukuru nikaenda zangu.

Habari za akupancha, ile tiba ya Kichina ya kuchomwa sindano nyembamba mwilini, nililetewa na mteja, mwalimu, aliyekuja kupunguziwa sketi. Mama yangu aliposikia alipiga simu kutoka Molo: "Unaenda kuchomwa sindano na Wachina?" Mchomaji mwenyewe ni mama wa Njoro, mtaalamu wa tiba ya viungo, ana chumba ghorofani mjini. Kikao kimoja kilikuwa bei ya kushona sketi mbili. Niliumia hapo kabla ya kuchomwa.

Aliniuliza kwanza kama nina mimba. Nilimwambia nina miaka 47 na deni la kaki. Kumbe kuna sehemu kati ya kidole gumba na cha shahada ambayo kwa desturi yao hawaichomi kwa mjamzito. Akafungua pakiti mpya mbele yangu, na mimi, ugonjwa wa kazi, nikaomba kuitazama sindano. Haina tundu. Unene wake, aliniambia, milimita 0.25. Sindano ya cherehani namba 16 ninayoshonea kaki ni milimita 1 kamili. Hizi ungezipanga nne sambamba ndiyo upate upana wake. Hata kupinda inapinda, kama unywele mgumu.

Moja aliiweka mwishoni mwa mkunjo wa kiwiko, nyingine vidole viwili vitatu chini yake, moja pale penye kidole gumba, na mbili palepale panapouma. Kuingia hata sikusikia. Alipozizungusha kidogo ndipo uzito ukashuka mkononi, ganzi nzito inayotembea, si maumivu hasa. Alisema hiyo ndiyo wanayoitafuta. Akasema pia sehemu zile ziko kwenye njia ya mwilini ambayo tiba hiyo huiita ya utumbo mpana. Utumbo, mkononi! Hilo nililiacha lipite.

Dakika 20 nililala pale mkono ukiwa umechomwachomwa, nikisikiliza makanga huko chini wakiita Njoro, Molo. Sikumbuki lini mara ya mwisho mkono huo ulikaa dakika 20 mchana bila kushika kitu.

Vikao sita. Baada ya cha tatu nililala ubavu wa kulia hadi asubuhi. Nikadhani nimepona, nikamwambia. Akanituliza: sindano husaidia baadhi ya watu kwa muda mfupi, maumivu yakishuka ndipo pa kuikaza kano. Hivyo kila jioni naweka mkono mezani, kiganja kikining'inia ukingoni, nimeshika chupa ya maji ya nusu lita, naishusha polepole, naisaidia kupanda kwa mkono wa kushoto. Ikaniuma, nikaendelea. Tena aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Fundi, mkasi wako ulinolewa lini?"

Nilinyamaza. Tangu baba afe.

Nimeshaupeleka kwa yule mzee wa jiwe la baiskeli. Na pasi sasa ananyanyua msaidizi wangu.

Kwa hiyo ni nini kilichoniponya? Daktari kijana alisema wengi hupona wenyewe ndani ya mwaka au zaidi kidogo, hata wakikaa tu. Mwalimu anasema sindano. Mama hataki kusikia lolote kati ya hayo, kwa sababu Februari alinitumia mafuta ya nyonyo kwa matatu, na wiki hii ametuma chupa ya pili. Sijamwambia kwamba ya kwanza sikuifungua. Jana niliifungua. Nilitia matone mawili kwenye skrubu ya mkasi, nikaufuta vizuri usichafue kitambaa, na sasa unafunguka wenyewe.

Akipiga simu nitamwambia mafuta yake yamesaidia.