Safari ya Yokohama na Kobe: Nyayo za Wajapani Waliohama

Nilipopelekwa Japani kwa mafunzo ya wiki sita kuhusu masoko ya mazao, nilidhani naijua vya kutosha taasisi iliyonialika. Sisi wa Kilimanjaro tunaijua JICA, shirika la serikali ya Japani la ushirikiano wa kimataifa, kwa mifereji ya Lower Moshi iliyojengwa miaka ya 1980, na ndugu zetu wa Dar es Salaam wanaijua kwa daraja la juu la Mfugale pale Tazara, lililofunguliwa mwaka 2018. Kwa bwana shamba kama mimi, JICA ilikuwa mpunga, mifereji na wataalamu wenye kofia pana wanaofika shambani kabla ya wenye shamba. Sikujua kwamba kwa upande mmoja wa ukoo wake imezaliwa na shirika la kusafirisha wahamiaji.

Jengo la JICA la Yokohama limesimama Shinko, sehemu ya bandari ya zamani iliyotengenezwa kwa kufukia bahari, karibu na maghala ya matofali mekundu ambayo siku hizi yamekuwa maduka. Washiriki tulilala ghorofa za juu, na kila asubuhi lifti ilipita ghorofa ya pili (ya pili kwa hesabu ya Wajapani, ambao huanza kuhesabu pale unapoingilia kutoka barabarani) bila mimi kushuka, mpaka Jumapili ya kwanza, mvua iliponinyima matembezi, ndipo nikaingia katika makumbusho yaliyomo humo. Hayana kiingilio. Yalifunguliwa mwaka 2002, na yanahusu Wajapani waliohama nchi yao, hasa kwenda mabara ya Amerika, pamoja na vizazi vyao ambao huitwa Nikkei.

Kilichonisimamisha kwanza ni gari la maonyesho lililopambwa kwa mboga tangu chini hadi juu, nakala ya lile ambalo wakulima wa Kijapani wa Oregon walilipeleka kwenye tamasha la waridi la Portland mwaka 1920 na kushinda tuzo. Nililizunguka mara mbili kwa jicho la kazi, nikijua ni siku ngapi za jasho huhitajika ili mboga itoke shambani ikiwa na sura ile. Miaka mitatu baada ya kushangiliwa barabarani, mwaka 1923, jimbo hilohilo lilipitisha sheria ya kuwazuia watu kama wao kumiliki ardhi. Na mwaka 1942 watu wenye asili ya Kijapani wapatao 120,000 wa pwani ya magharibi ya Marekani walikusanywa na kupelekwa makambini, wengi wao wakiwa raia waliozaliwa hukohuko.

Mbele kidogo ipo mizigo ya safari, vikapu vya kusukwa vyenye vifuniko, vilivyonikumbusha matenga ya ndizi ya nyumbani. Mwaka 1868 watu wapatao 150 waliondoka Yokohama kwenda Hawaii, ambako miwa iliwasubiri. Mwaka 1899 wengine 790 walielekea Peru. Na mwaka 1908 meli iitwayo Kasato Maru ilitoka Kobe na watu 781 wa mkataba, ikafika Santos, Brazili, baada ya siku zaidi ya 50. Hao wa mwisho walikwenda kuchuma kahawa, ambayo mawakala waliwaambia kuwa ni mti unaozaa dhahabu. Mimi nimesomeshwa kwa kahawa ya baba yangu, na nakumbuka miaka ambayo malipo ya chama cha ushirika yaliisha kabla hayajafika nyumbani, kwa hiyo sikushangaa kusoma kwamba mavuno ya mwaka ule yalikuwa haba, ujira haukutosha hata deni la chakula, na wengi walitoroka mashamba.

Nikatafuta pia habari za kwetu, yaani wale wasichana maskini wa kusini mwa Japani waliouzwa ng'ambo kufanya ukahaba, ambao wachache wao walifika hadi Unguja mwishoni mwa karne ya 19. Katika maonyesho niliyoyapitia siku hiyo sikuwaona. Naelewa kuwa makumbusho yale yamejifunga na Amerika, lakini nao walikuwa wahamiaji, na hakuna aliyewaandalia kikapu cha kusukwa.

Baada ya vita, serikali ya Japani, ikiwa na watu wengi na kazi chache, ilirudia kuwapeleka raia wake Amerika Kusini. Mwaka 1963 liliundwa shirika la kusimamia uhamaji huo, na mwaka 1974 likaunganishwa na shirika la ushirikiano wa kiufundi, ndipo JICA ikazaliwa. Kufikia wakati huo Wajapani walikuwa wamekwisha kupata kazi kwao na waliotaka kuhama walikuwa wanapungua sana, lakini wale waliokwisha kwenda hawakuachwa: bado zipo fedha za masomo kwa wajukuu na vitukuu, mafunzo ya walimu wa lugha, watu wa kujitolea wanaotumwa katika makazi yao, na misaada ya kuwatunza wazee.

Mmoja wa walimu hao nilikaa naye meza moja kwenye mkahawa wa ghorofa ya tatu, mbele ya madirisha yanayotazama bahari. Anatoka Yguazú, makazi ya wakulima wa Kijapani nchini Paraguay yaliyoanzishwa mwaka 1961, na alikuja kujifunza namna ya kufundisha Kijapani watoto ambao nyumbani wanasema Kihispania. Alikuwa amenizidi umri, nami nilimwita Mwalimu, jina lililompendeza nilipomweleza kwamba kwetu lilikuwa pia jina la rais wa kwanza. Kijapani chake, alisema, ni cha bibi yake wa mkoa wa Kochi, na muuza duka mmoja alikuwa amecheka, kwa adabu lakini alicheka, aliposikia neno ambalo vijana wa hapa hawalitumii tena. Nikamwambia kuwa wako Waswahili Muscat wanaosema Kiunguja cha babu zao, chenye maneno ambayo ukiyatamka Darajani leo watu watakugeukia.

Nilimuuliza, labda bila adabu ya kutosha, kwa nini Japani iendelee kuwagharimia watu waliohama zamani hivyo. Hakujibu. Alinichukua tukashuka tena makumbusho, akanionyesha habari za misaada iliyoitwa LARA. Mwaka 1945 Japani ilikuwa majivu na njaa. Mwandishi wa habari wa San Francisco aitwaye Asano Shichinosuke alianza kuwakusanya Wajapani wenzake wa Marekani ili wachange, wakati wengi wao walikuwa ndio kwanza wanatoka kambini na hawana hata paa. Michango ikatoka pia Kanada na Amerika Kusini, ikaunganishwa na ya mashirika ya kidini ya Marekani, na kuanzia Novemba 1946 hadi 1952 meli zikawa zinashusha mizigo Japani, ya kwanza hapahapa Yokohama: maziwa ya unga, nguo, viatu, sabuni, hata mbuzi hai. Maziwa hayo yaliingia katika chakula cha shule kilichoanza kutolewa tena Desemba 1946. Mkutano wa kwanza wa Wajapani wa ng'ambo, uliofanyika Tokyo mwaka 1957, ulikuwa na shukrani hiyo ndani yake.

"Na mwaka 2011?" aliniuliza. Sikujua. Baada ya tetemeko na tsunami ya Machi mwaka huo, wakulima wa Kijapani wa Paraguay walichanga tani 100 za soya, zikatengenezwa vipande milioni 1 vya tofu, chakula cha soya iliyogandishwa kama jibini, kwa ajili ya waathirika. Soya hiyo wanailima bila kutifua ardhi, mbinu ambayo Yguazú inajulikana nayo nchini humo tangu miaka ya 1980, na tukiwa bado tumesimama mbele ya picha za mbuzi tulihamia kwenye magugu na gharama ya dawa zake, mpaka mlinzi akatukumbusha kwamba wanafunga.

Mwalimu hakuwa mtu wa kusifu tu. Ndiye aliyenisimulia habari za Jamhuri ya Dominika, ambako kati ya mwaka 1956 na 1959 serikali ya Japani ilipeleka watu zaidi ya 1,300 kwa ahadi ya ardhi yenye rutuba, wakakuta mawe na chumvi. Walifungua kesi, na mwaka 2006 mahakama ya Tokyo ilikiri kwamba serikali ilikosea ila madai yamepitwa na wakati. Waziri Mkuu Koizumi akaomba radhi na kukatolewa kifuta jasho. Nusu karne kusubiri neno la radhi!

Jumapili iliyofuata nilipanda treni Sakuragicho hadi Tsurumi, vituo vinne tu, nikatembea hadi mtaa wa Nakadori, ambako watu wa Okinawa, visiwa vya kusini mwa Japani, waliofuata kazi za viwanda walikaa tangu zamani, kisha wakafuatwa na jamaa zao kutoka Brazili na Bolivia. Katika duka moja, kando ya tambi za Okinawa, nilikuta mifuko ya unga wa muhogo, nikaushika mmoja kama mtu aliyekutana na shangazi ugenini. Wazawa hao wa Kijapani walifunguliwa mlango na sheria ya mwaka 1990, viwanda vilipopungukiwa mikono, na kufikia mwaka 2007 Wabrazili nchini Japani walikuwa wamezidi 300,000. Msukosuko wa uchumi ulipotokea, mwaka 2009 serikali iliwapa wasio na kazi yeni 300,000 kila mmoja, na 200,000 kwa kila mtegemezi, ili warudi walikotoka, kwa sharti kwamba wasije tena kwa kibali kilekile. Fedha hizo nazo ziliitwa msaada. Binamu wa Mwalimu, aliyekuwa kiwandani Hamamatsu, alizikataa, akabaki.

Wiki ya mwisho tulikwenda Kobe pamoja kwa Shinkansen, treni ya mwendokasi. Kutoka kituo cha Motomachi tulipanda mlima polepole, tukielekea kinyume na wahamiaji walioteremka njia hiyo kwenda bandarini, hadi kwenye jengo la ghorofa tano lililofunguliwa mwaka 1928 kuwapokea kabla ya safari. Walikaa humo siku kadhaa, wakapimwa afya, wakachanjwa, wakafundishwa Kireno cha kuombea maji na chakula. Jengo lilimaliza kazi hiyo mwaka 1971, na sasa ni kituo cha kumbukumbu ambamo pia jumuiya ya Wabrazili wa eneo la Kansai ina ofisi yake na hufundisha watoto wao Kireno, wasije wakashindwa kuongea na bibi zao kwa simu.

Ilikuwa Jumamosi, na darasa lilikuwa mapumzikoni. Mvulana wa miaka kama tisa aliniuliza kwa Kijapani ninatoka wapi, Mwalimu akanitafsiria, nikasema Tanzania. Akaleta atlasi. Mwalimu alimwonyesha njia ya meli kwa kidole, Kobe, Singapore, kisha bahari nzima ya Hindi hadi Rasi ya Tumaini Jema, na ng'ambo ya pili Santos. Mtoto aliirudia mwenyewe, taratibu, na alipofika katikati ya bahari akasimamisha kidole, akapanda nacho hadi pwani yetu, akaniangalia kuhakikisha kama ni hapo. Nikamsogeza kidogo kusini, kisha ndani, mpaka chini ya mlima.