Nilivyopanga tarehe za marejesho ya kikoba kwa PHP

Kikoba chetu hapa Kiboriloni, Moshi, hutoa mikopo mingi Januari, maana ndio mwezi wa ada. Mweka hazina alikuwa akiandika ratiba za marejesho kwa mkono, mkopaji mmoja mmoja, akaniomba nimtengenezee ukurasa wa kufungua kwenye simu. Sharti lake lilikuwa moja: "Aliyechukua tarehe 31 analipa mwisho wa mwezi, mwanangu, uwe mfupi uwe mrefu."

PHP, lugha ya programu niliyotumia, haina habari na sharti hilo. Ukiipa 31 Januari 2025 na kuiambia `+1 month`, inatafuta 31 Februari, inaikosa, inaangukia 3 Machi. Lupu (kipande cha msimbo kinachojirudia) ikiendelea kutokea hapo, mkopaji anarukwa Februari nzima, kisha analipa tarehe 3 mpaka deni liishe. Kuhesabu kila mara kutoka tarehe ya mkopo nako hakutoshi: unapata 3 Machi na 31 Machi, halafu Aprili haina kitu. Mtu adaiwe mara mbili mwezi mmoja, kikao kingekalika kweli?

Kwa hiyo nilitenganisha mwezi na siku. Lupu inatembea juu ya tarehe 1, ambayo kila mwezi inayo, na siku inarudishwa mwishoni:

```
$mwanzo = new DateTimeImmutable('2025-01-01');
for ($i = 1; $i <= 10; $i++) {
    $m = $mwanzo->modify("+$i month");
    $siku = min(31, (int) $m->format('t'));
    echo $m->format("$siku/m/Y"), "\n";
}
```

Herufi `t` inatoa idadi ya siku za mwezi husika, na `min` inachukua iliyo ndogo. Zikatoka 28 Februari, 31 Machi, 30 Aprili, mpaka Novemba. Nilichagua `DateTimeImmutable` makusudi, kwa kuwa `modify` yake hutoa tarehe mpya na kuiacha `$mwanzo` ilivyo.

Jumapili hatukusanyi hela. 31 Agosti ilikuwa Jumapili, hivyo ikasogezwa hadi Jumatatu, 1 Septemba. Kusogeza huku nakufanya wakati wa kuonyesha tu. Kusiiguse `$mwanzo`, la sivyo miezi inayofuata itayumba.

Halafu kuna alama ya mkwaju (/). Mweka hazina anaandika 3/4/2025 akimaanisha tarehe 3 Aprili, ila `strtotime`, kitendakazi cha PHP cha kusoma tarehe, huisoma Kimarekani, 4 Machi. Tarehe anazoingiza nazisoma kwa `createFromFormat('!d/m/Y', $ingizo)`, ile alama ya mshangao inafuta saa ya sasa, isijipachike kwenye tarehe.