Paneli za Mwalimu

Zilianza kupasuka mwishoni mwa Januari 2011. Mwalimu alinipigia simu usiku akanieleza kwamba ukuta wa sebule umelia mara mbili, mlio mkavu kama wa kuni inayovunjwa gotini. Nilipofika kwake Milimani asubuhi, nilikuta paneli nne za mvule zimepasuka toka juu hadi chini. Ufa mmoja ulimeza sarafu ya shilingi kumi.

Kazi ile ilikuwa yangu. Nilikuwa na miaka 24, na Mzee aliyenifunza useremala alikuwa ameniachia sebule nzima kwa mara ya kwanza. Niliitaka mno. Mama yangu alikuwa akifanya kazi katika nyumba za zamani za Nakuru, zile zilizojengwa enzi za ukoloni, na wakati wa likizo nilimfuata. Yeye akipiga deki, mimi nilikaa kando nikitazama milango mizito, vitasa vya shaba, meko ya ukutani na dari zenye ukingo uliochongwa. Sikujua jina la chochote kati ya hivyo. Nilijua tu kwamba nikiingia chumba cha namna ile, mabega yangu hushuka na pumzi hutulia.

Mwalimu alikuwa mstaafu na mjane. Alitaka sebule ya heshima, ukuta wa mbao toka chini mpaka karibu na dari. Picha kubwa ya marehemu mumewe aliiegemeza sakafuni, uso ukiangalia ukuta. Alisema haitatundikwa mpaka chumba kiishe. Siku ile ya nyufa niliiona bado iko palepale, na hilo liliniuma kuliko mbao zenyewe.

Mzee alikuja, akaingiza ukucha kwenye ufa.

"Umezitia gundi?"

"Ndiyo, Mzee. Na misumari, pande zote."

Alinyamaza, akapapasa ukuta wote hadi mwisho. "Jumapili tukitoka kanisani, twende Njoro."

Tulipanda matatu, tukashuka Ngata, tukaenda kwa miguu hadi Kasri la Lord Egerton. Maurice Egerton, mlowezi wa Kiingereza, alianza kulijenga mwaka 1938, vita vikamchelewesha, na likamalizika 1954, vyumba 52 vya mtu mmoja ambaye hakuwahi kuoa. Alifariki 1958. Wenyeji husimulia kwamba alilijenga kwa ajili ya mwanamke aliyemkataa, na wageni wengi huja kwa sababu ya hadithi hiyo. Mimi huwasikitikia wanaotoka pale na hadithi ya mapenzi tu bila kuziangalia kuta.

Kuta za ukumbi wa dansi zimevikwa mbao za mwaloni zilizosafirishwa kwa meli kutoka Uingereza. Tulipoingia, jua la mchana lilikuwa linapita dirishani kwa mshazari, na kila paneli ilikuwa na kivuli chembamba pembeni mwake, kana kwamba mtu ameizungushia wino. Rangi yake ilikuwa ya chai ya rangi iliyokolea. Kuna kinanda kikubwa cha mabomba humo, na mwongozaji alianza kutueleza habari zake, lakini Mzee alikuwa ameshapiga goti mbele ya ukuta. Akamwomba ruhusa kwa adabu, akaweka kidole gumba katikati ya paneli moja na kuisukuma taratibu.

Ikacheza. Kidogo sana, pengine unene wa karatasi, ikatoa sauti ndogo: tik.

"Umesikia?"

Nilidhani imelegea. Mzee akatikisa kichwa. "Imeachwa. Haijashikwa na kitu."

Ndipo akanifundisha palepale, tumechuchumaa, watalii wakitupita. Ubao haukui kwa urefu, au hukua kidogo mno usihisi. Huvimba na kusinyaa kwa upana, mvua na kiangazi, hata ukiwa umekatwa miaka mia. Hakuna vanishi inayouzuia. Kwa hiyo mafundi wa zamani hawakupambana nao. Walitengeneza fremu ya vipande vyembamba, wakaviunga kwa tundu na ulimi, wakachimba mfereji upande wa ndani. Paneli ikaingizwa mferejini bila gundi wala msumari, ikabakishiwa nafasi pembeni. Fremu ndiyo inayobeba, paneli inaelea.

Kisha akapitisha kidole kwenye ule mteremko unaozunguka ukingo wa paneli. Mimi niliunakili ule mteremko kwa Mwalimu kwa msasa na randa, siku nzima, nikidhani ni pambo. Kumbe ukingo umepunguzwa ili uingie mferejini, na katikati pameachwa nene ili paneli iwe na nguvu. Ule mstari wa kivuli uliokuwa umeniteka tangu utotoni ulikuwa jibu la swali la fundi. Nilibaki nimeuangalia, koo limekauka.

Paneli zangu nilizifunga mwezi wa Agosti, Nakuru ikiwa imelowa. Kiangazi kilipokuja na upepo wake wa vumbi, kila ubao ulitaka kusinyaa, misumari ikaukatalia kulia na kushoto. Ukachanika.

Tulikaa kasrini kwa muda wa karibu saa tatu. Mzee alinionyesha kwamba karibu kila kitu nilichokiita urembo katika vyumba vya aina ile kina kazi. Ubao wa chini ya ukuta hupokea fagio na viatu. Ule unaopita katikati, katika nyumba nyingi za namna hiyo, hukaa usawa wa mgongo wa kiti ili kiti kisikwaruze ukuta. Ukingo wa juu hufunika pale ukuta unapokutana na dari, mahali ambapo plasta hupenda kupasuka. Baadaye nilisoma kwamba mgawanyo huo wa ukuta umetokana na nguzo za Wagiriki na Warumi: kitako, kiwiliwili, kichwa. Siku hizi watu hubandika vipande vya plastiki ukutani viige paneli, na wasiokuwa na uwezo siwalaumu. Ila fundi anayevibandika bila kujua asili yake ataviweka popote, na chumba kitakosa utulivu bila mwenyewe kujua ni kwa nini.

Tulirudia kazi. Mbao mpya zilitoka mfukoni mwangu, nikazilipa kwa miezi mitano. Safari hii tulizipanga sebuleni kwa Mwalimu kwanza, vijiti katikati ya ubao na ubao hewa ipite, tukaziacha wiki tatu zizoee hewa ya chumba kile. Mzee alinikataza kuunga paneli yoyote kabla sijaipaka vanishi hadi ukingoni, ili ikisinyaa isitoe mstari mweupe. Juu kabisa ya paneli tuliweka ubao wenye mdomo wa kutundikia picha kwa kulabu na mnyororo, kama ilivyokuwa desturi zamani, ukuta usitobolewe.

Siku ya kumaliza, Mwalimu alileta nyundo na msumari. Nikamwambia havihitajiki. Nikaigeuza picha ya mumewe, nikaifuta vumbi kwa leso, nikaitundika juu karibu na dari, kama picha za wazee zinavyotundikwa kwetu sote.

Mwalimu akaketi kwenye kiti chake, akainua shingo.

"Mshushe kidogo, mwanangu."

Nikaongeza pete tatu za mnyororo.

"Bado."

Nikaongeza nyingine, na nyingine, Mzee akishikilia fremu kwa chini isigonge mbao. Mwalimu hakuwa akiangalia paneli tena. Shingo yake ilizidi kushuka kadiri picha ilivyoshuka, mpaka macho ya yule bwana yakawa sawa na yake akiwa ameketi.

"Hapo," akasema. "Hapo tulikuwa tunazungumza."