Kila Kijana Husema Hivyo

Bado linaniuma neno la Mwalimu kuhusu kompaila tunayoiandika, programu ya kugeuza msimbo uwe maagizo ya mashine. Dada amejifungua mvulana pale Pumwani, tumeshahamia South B, ofisini wamepunguza watu nami nimebaki, lakini kichwani mwangu ipo meza ile ya Ngara tu, chai na mahamri, na Mwalimu akivua miwani.

“LLVM ipo,” alisema, yaani ule mkusanyo wa zana za kutengenezea kompaila. “Watu wanaijenga tangu mwaka 2000. Nyinyi mnaandika kompaila nyingine ya nini?”

“Ile iliandikiwa CPU kwanza, Mwalimu. Sheda ina mambo yake.” CPU ni kichakataji kikuu cha kompyuta; sheda ni programu ndogo ya kuchora picha kwenye GPU, kichakataji cha picha.

“Kila kijana husema hivyo.” Akageuka kumwita mhudumu amwongezee chai.

Nimemjibu kwenye matatu, nimemjibu bafuni, nimemjibu kitandani. Mwalimu, programu ya kawaida hukompailiwa kwa aliyeiandika. Hata ikichukua saa nzima, mtumiaji hana habari. Sheda hukompailiwa kwenye mashine ya mchezaji, mara nyingi mchezo ukiwa unaendelea, na kompaila ikikawia picha inakwama. Ndiyo maana Valve, kampuni ya michezo ya kompyuta, waligharimia ACO, kompaila ya sheda iliyoingia Mesa, mkusanyo huria wa viendeshi vya GPU, mwaka 2019 kwa ajili ya GPU za AMD, ingawa LLVM ilikuwa tayari inaifanya kazi hiyo. Je, nao ni vijana?

Halafu rejista, vile vijisanduku vya ndani ya GPU vinavyoshikilia thamani wakati wa hesabu. Hapa ndipo ningemshika mkono asiondoke. Kwenye GPU za Mali za kizazi cha Valhall, kila uzi, yaani kila nakala ya sheda inayoendeshwa, unaweza kutumia hadi rejista 64. Sheda ikitosheka na 32, GPU inaweza kubeba nyuzi mara mbili kwa wakati mmoja, na uzi mmoja ukisubiri kumbukumbu mwingine unaendelea na kazi. Ikihitaji 33, nusu ya nyuzi zimekwenda. Rejista moja tu! Kompaila isiyoujua mpaka huo itauvuka bila kujali, na sisi tunataka yetu iujue tangu hatua ya kwanza ya kupanga maagizo.

Nilikuwa na hasira hiyo hiyo Alhamisi usiku nilipoifungua sheda ya maji, ile inayochora mawimbi. Rejista 35. Nikaisoma mstari kwa mstari. Thamani nne zilikuwa zimehesabiwa juu kabisa, kila moja imeshikilia rejista yake, na hakuna anayezigusa mpaka karibu na mwisho, rangi inapochanganywa. Kuzihesabu ni rahisi, na zote zinatokana na viwango vya kudumu. Nikaifundisha kompaila izihesabu upya pale pale zinapohitajika. 31. Kwenye Chromebook ya mtumba niliyoinunua Luthuli, maji yakatiririka bila kukatika, nikacheka peke yangu saa saba usiku.

Nikamtumia Mwalimu maagizo yote, ya kabla na ya baada, bila salamu ndefu. Asubuhi akajibu: “Na muda wa kukompaili umepanda kiasi gani? Usiniletee upande mmoja.”

Nimeusoma ujumbe huo tangu juzi kama barua ya posa. Ameyasoma! Hilo swali ni la mtu aliyekaa na kazi yangu, akaishika, akatafuta inapovuja. Kesho napima sheda zote tulizo nazo, nimpelekee jedwali zima.

Ila Mama anapanda treni Voi Jumamosi kuja kumwona mjukuu, na goti lake bado limevimba. Nyumba mpya iko ghorofa ya nne, lifti hakuna, na mlinzi anasema teksi haziruhusiwi kuingia ndani ya geti.