Jinsi rangi ya seramiki ilivyokubali kushika kwenye manifoldi ya ekzosi

Manifoldi ya ekzosi ya gari langu, yaani bomba la chuma cha kusubu linalokusanya moshi unaotoka kwenye injini, ilipendeza kwa muda mfupi kila ilipopakwa rangi ya seramiki ya kopo. Injini ikishika moto, rangi ilitoa malengelenge na kubanduka kama magamba, hasa karibu na shingo zinazofungwa kwenye kichwa cha injini. Msasa, brashi ya waya na kuongeza unene wa rangi havikusaidia.

Kilichokuwa kikiisukuma rangi ni mafuta yaliyonywewa na vinyweleo vya chuma kwa miaka mingi, ambayo hayatoki kwa kufuta. Basi, baada ya gereji kuipiga mchanga wa oksidi ya alumini kwa hewa ya shinikizo ili kuisugua, niliioka ikiwa tupu, nje ya nyumba, katika oveni kuukuu isiyopikiwa tena chakula, kwenye nyuzi 250 za Selsiasi. Chuma kilichoonekana safi kabisa kikafuka moshi na kutoa madoa ya kahawia. Niliiacha humo hadi moshi ulipokoma, ikapigwa mchanga tena kidogo, nikaifuta kwa asetoni ilipopoa, na tangu hapo sikuigusa bila glavu.

Nyuso za gasketi, yaani zinapokaa pedi za kuziba mwanya kati ya manifoldi na injini, nilizifunika kwa utepe, nikapuliza matabaka membamba. Kopo liliagiza nusu saa kwenye nyuzi 121, kisha 204, kisha 316, ikipozwa kila baada ya hatua. Hiyo ya mwisho, ambayo oveni yangu haiifikii, niliiachia injini yenyewe. Rangi bado imeshika, hata shingoni.