Likizo ya Septemba: kwanza mwezi, kisha hoteli

Miaka miwili iliyopita tuliwapeleka watoto Ushongo, kusini mwa mto Pangani. Tulifika usiku, na asubuhi yake saa nne watoto wakakimbilia ufukweni na maboya yao, wasiikute bahari. Palikuwa na mchanga wenye majimaji, mwani na kaa wadogo, na mbali sana mstari mweupe wa mawimbi. Mume wangu, aliyekulia Dodoma ingawa mama yake ni mtu wa Pangani, alikwenda mapokezi kuuliza kama kulikuwa na ufukwe mwingine. Mama mkwe wangu alicheka hadi akaketi mchangani. "Mwanangu," akaniambia, "mnakuja na bamvua halafu mnataka kuoga saa nne?"

Tangu siku hiyo mipango ya likizo nyumbani kwetu huanza na mwezi, na bei ya vyumba huja baadaye. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika mwambao wetu hupita meta tatu, na kwa kuwa ufuo wa huko umelala tambarare, bahari hurudi nyuma mbali mno. Siku hizo maji hujaa alfajiri na tena alasiri, mnamo saa kumi, na hupwa katikati ya asubuhi, saa zile zile ambazo mzazi wa mjini amewapaka watoto mafuta ya jua na yuko tayari. Wakati wa maji mafu, kwenye mwezi wa tarehe saba au nane na tena ishirini na mbili hivi, tofauti huwa ndogo na maji hujaa kabla ya adhuhuri. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika hamsini, kwa hiyo mtu mwenye kalenda ya mwezi mwandamo ukutani anaweza kukadiria mengi bila kumuuliza mtu.

Safari hii tumepanga kuingia Ushongo mwezi wa tarehe tisa na kuondoka tarehe kumi na tano. Siku za mwanzo watoto wataogelea bahari ikiwa imejaa, kati ya saa tano na saa nane mchana. Siku moja kabla ya kuondoka maji yatakupwa asubuhi, na hapo ndipo tutakapokwenda Maziwe, fungu la mchanga lililo baharini, umbali usiofika kilometa kumi kutoka pwani, ambalo huonekana maji yanapopwa na kumezwa yanapojaa.

Tumechagua likizo fupi ya Septemba kwa sababu ya upepo. Masika hatuitaki tena, kwa sababu tulishawahi kusukuma gari kwenye tope sikukuu ya Pasaka na wakubwa wawili hawakuzungumza hadi Chalinze. Juni na Julai kusi huvuma kwa nguvu na bahari huchafuka. Kufikia Septemba kusi huanza kulegea, na tanga mbili, kipindi ambacho pepo hubadilishana zamu, kinakaribia.

Kabla ya bahari, hata hivyo, tutalala siku mbili Amani, katika milima ya Usambara Mashariki. Utaratibu huu niliusimamia mwenyewe, maana mtoto aliyekwisha kuiona bahari hasikilizi tena habari za miti. Njia huachana na barabara kuu pale Muheza na kupanda kwa kona nyingi hadi takriban meta 900, ambako hewa ni ya sweta. Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo na biolojia hapo mwaka 1902, wakapanda miti kutoka pande nyingi za dunia, na baadhi ya miti hiyo bado imesimama; msitu wenyewe ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997. Binti yangu anataka kumwona kinyonga wa pembe tatu. Mimi nataka kuliona porini lile ua dogo la zambarau, Saintpaulia, ambalo watu wa Ulaya hulifuga kwenye vikopo madirishani bila kujua kwamba asili yake ni kwetu. Liliandikwa katika sayansi mwaka 1893 kwa jina la ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga. Kwa matembezi ya usiku tutamchukua mwongozaji wa hapo hapo, kwa sababu kinyonga ni rahisi kumwona usiku kwa tochi, anapopauka juu ya majani.

Wakati wa kurudi tutapitia Saadani kwa usiku mmoja tu. Ni hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2005 na inagusa Bahari ya Hindi, lakini mbung'o wake wanauma, na nguo za buluu iliyokolea huwavutia, kwa hiyo sare za shule hazitapanda gari. Watoto walio chini ya miaka mitano hawalipi kiingilio, na sisi wengine tutabeba vitambulisho ili tulipe kwa kiwango cha raia. Vyandarua na vipimo vya malaria vimekwisha kuwekwa begini.

Lililobaki ni Maziwe. Mama mkwe wangu alipokuwa msichana aliwahi kwenda huko na baba yake, mvuvi, wakalala chini ya mivinje, na kasa wakipanda usiku kutaga. Mivinje hiyo imekwisha miongo mingi sasa, hakuna hata kisiki, na mayai ya kasa wanaotaga pale huhamishiwa ufukweni Ushongo ili yasizame. Nilipomwambia kwamba siku ya tarehe kumi na nne tutakwenda wote, alinyamaza, kisha akaniuliza kama boti itakuwa na kivuli. Nimejibu kwamba itakuwa nacho. Bado hajasema kama atakuja, lakini mwenye boti nimemwambia tuko sita.