Kutwa nzima na kobe wa chupani

Saa mbili asubuhi. Hapa makumbusho nafungua mtungi wa kwanza na harufu ya spiriti inanipokea kabla mtu yeyote hajanisalimu. Ndani amelala kobe wa maji baridi, rangi zimechujuka zote. Ndiyo maana rangi ya vielelezo vya zamani, yaani wanyama waliohifadhiwa kwa uchunguzi, siiamini.

Saa tatu namlaza chali na kuhesabu magamba ya tumboni, nimtambue ni kobe gani. Ni 13. Lile moja la ziada liko katikati, chini ya koo, kwa hiyo ni wa ukoo wa wanaoficha kichwa kwa kukunja shingo ubavuni. Wale wanaoirudisha ndani moja kwa moja huwa na 12. Sasa, kati ya jenasi mbili za kobe wa maji baridi wa Afrika, ni Pelusios au Pelomedusa? Pelusios ana bawaba, sehemu ya mbele ya gamba la tumbo hujifunga kama mlango. Nabonyeza kwa kidole gumba. Kimya. Hilo si jibu, maana spiriti hukakamaza. Namsogeza chini ya taa, nachokoa tope kavu kwa brashi, na mshono wa bawaba huo hapo, umenyooka toka ukingo hadi ukingo. Pelusios.

Saa tano hadi saa saba ni kalipa tu, kile kifaa cha kupimia: urefu, upana, kimo, kila kipimo mara mbili. Wenzangu hunitania kwamba kobe akiinama anatunga sheria, mimi nikiinama napata maumivu ya mgongo.

Saa nane, lebo. Hapa ndipo ninapoogopa. Mwaka 1906 mtaalamu wa wanyama Siebenrock alimpa jina kobe wa Ushelisheli, seychellensis, kwa vielelezo 3 vilivyosemekana kuokotwa kisiwani Mahé mwaka 1895. Hakuonekana tena, akaandikwa miongoni mwa waliotoweka. Mwaka 2013 vinasaba vya kielelezo kilichoko Vienna vikapimwa: kumbe ni Pelusios castaneus wa Afrika Magharibi! Hakutoweka, hakuwahi kuwepo. Mifupa haikudanganya, maelezo ya mahali alikotoka ndiyo yaliyopotosha.

Lebo ya huyu wangu imefungwa mguuni kwa uzi. Tarakimu ya mwisho ya namba yake ni 1, au 7. Daftari la makumbusho lina kobe kwenye namba zote mbili, kila mmoja na mto alikookotwa.

Saa kumi na moja naandika kwa penseli "Pelusios", naacha nafasi ya spishi wazi, na kumrudisha mtungini.